Tajiri Akisoma, Nyumba Inanyamaza

Pale Voi, mwenye malori alikuwa akikaa mlangoni mwa duka lake kila asubuhi anasoma gazeti. Hakuna aliyemsalimu. Hata wapagazi wa stesheni walipita wakinyata. Alisoma bei za mahindi na mkonge, akasoma mvua zilikonyesha, basi. Kurasa nyingine alifungia watu sukari bila kuzitupia jicho.

Mume wangu alikuwa na kiduka ng'ambo ya barabara, chumvi na mafuta ya taa. Akaamua kwamba siri ya utajiri ni gazeti. Na yeye akatoa kiti nje. Mimi nilifika sekondari, yeye darasa la tatu. Nikamwambia, "Yule anatafuta penye njaa apeleke mahindi. Wewe unatafuta nini?"

Akanizaba kofi mbele ya wateja. "Tajiri akisoma, nyumba inanyamaza!"

Sasa mtoto wetu alikuwa anaota meno. Hebu mwambie mtoto wa meno anyamaze! Kila asubuhi nilimziba mdomo kwa titi, ananing'ata mpaka damu, huku baba yake anaburuta kidole kwenye mistari. Siku moja mtoto akalikataa titi, akalia. Mume wangu akaweka gazeti chini, tena kwa adabu, akalikunja vizuri, ndipo akanirushia ngumi. Nikakwepa. Ikampata mtoto sikioni.

Mtoto alifungua mdomo, sauti isitoke.

Nilishika jiwe la mizani, la ratili mbili, nikamvunja nalo meno huyo msomaji. Nikamwacha anatema damu juu ya magunia ya chumvi, nikavuka barabara mbio.

"Mzee, nipe lori, mtoto anakufa!"

Mwenye malori hakuinua macho. "Mama, ngoja nimalize ukurasa."

Nikampokonya gazeti, nikalirarua usoni pake. Akanisukuma nikaanguka na mtoto kifuani. Nikaamka, nikakimbia kwa miguu hadi hospitali.

Daktari alipiga makofi upande wa kulia, mtoto akageuka. Akapiga upande wa kushoto. Akapiga tena. Mtoto ananitazama mimi tu.

Nilipanda mlima wa Sagalla, kwa mama yangu. Wajomba wa mume wangu wakanifuata huko, wakanywa chai yetu, wakasema, "Binti, unamwachaje mwanamume mwenye bidii, tena msomaji?"

Nikawamwagia chai iliyobaki. Sikurudi.