Mistari Miwili ya Bwana Joakim

Ukipanda kutoka Mbinga kuja milimani kwetu, upande huu wa Litembo, kabla hujafika gulioni utaliona bweni la wasichana mkono wa kulia. Litakuvutia. Ukuta una rangi ya maziwa, chini umepigwa mkanda wa bluu, bati jekundu linang'aa, na juu ya mlango pana maandishi makubwa ya kuwakaribisha mabinti. Sasa nakuomba ushuke kwenye bodaboda, uzunguke nyuma. Nyuma hakuna kitu. Kuta tatu ni tofali tupu zilizoliwa na mvua, paa limeishia nusu, na sakafu ni kinyesi cha mbuzi. Mimi nikipita pale natema mate, wala sioni haya kusema, maana tofali zile nimezibeba kwa kichwa changu.

Lakini aliyezibeba kuliko sisi wote ni jirani yangu Ottilia, na habari ninayotaka kukueleza ni yake.

Ottilia ni mjane wa marehemu Hyasinti. Ana kahawa kidogo nyuma ya nyumba, na ana shamba la maharage na mahindi kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaupanda akisitasita. Huko ndiko anakochimba ngoro zake. Kwa asiyezijua, ngoro ni mashimo tunayochimba sisi Wamatengo ili mvua isiondoke na udongo wetu. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, kisha wanawake tunachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Ottilia akishika jembe, sisi wengine tunaonekana tunachezea. Si mwongeaji. Akikasirika ananyamaza, na akinyamaza sana ujue una kesi.

Alizaa mtoto mmoja aliyeishi, Luisa. Luisa alifaulu kwenda sekondari ya kata, tukafurahi, tukampikia. Lakini shule iko mbali, mabonde mawili katikati, na msimu wa mvua huwezi kwenda na kurudi ukabaki na nguvu ya kusoma. Basi akafanya kama wenzake, akapanga geto. Geto ni chumba cha uani huko gulioni, karibu na shule, mlango wa bati na komeo la waya, wasichana watatu godoro moja, na nje vijana wa bodaboda na walevi wanaosubiri giza. Mtoto anapika mwenyewe, anajilinda mwenyewe. Akiishiwa unga, kuna kijana ana unga. Luisa alirudi nyumbani akiwa kidato cha pili, na tumbo.

Siku zile sheria ilikuwa moja tu: mimba, nje. Kijana wa unga hakufukuzwa popote. Baadaye sana wakubwa walitangaza kwamba wasichana waliojifungua ruksa kurudi darasani, na redioni wakapongezana. Vizuri. Wakati huo Luisa alikuwa Mbamba Bay anauza samaki, na mwanawe Benadetha alikuwa ameachwa kwa bibi yake, anajifunza kusoma.

Na ada pia imefutwa, tumesikia, tunashukuru. Ila ada haikuwahi kumpa mtoto mimba. Kilichomshinda Luisa ni pa kulala. Ottilia alilijua hilo, ndiyo maana tangu Benadetha akiwa mdogo alikuwa na neno moja tu, analirudia akipeta maharage, akichuma kahawa, akitoka kanisani: "Huyu halali geto."

Kwa hiyo bwana Joakim alipokuja kutoka wilayani, akasimama kwenye mkutano wa kijiji na kusema sekondari itapata bweni la wasichana, Ottilia alisogea akaketi mbele. Joakim ni afisa, kijana wa makamo, shati limenyooka, viatu havijui matope. Alieleza utaratibu. Wananchi wapandishe kuta za boma mpaka lenta, pale juu ya milango na madirisha, kwa nguvu zao, serikali itapaua, itapiga plasta, itaweka vitanda.

"Mkifika lenta tu, nipigieni," alisema. "Hapo mzigo ni wangu."

Sasa hapa lazima nikueleze jambo la kwetu, maana bila hilo utatuona wajinga tu. Sisi tuna ngokela. Ukiwa na shamba kubwa unawaita majirani, unapika, unaandaa pombe, watu wanakuja kuchimba. Aliyekula kwako amechimba kwako. Na kama amekula na siku hiyo hakuweza kuchimba, kwa ugonjwa au dharura, hakuna anayemdai. Hatudai. Atakuja mwenyewe siku nyingine na jembe begani, kwa sababu kula chakula cha ngokela na kukaa kimya ni aibu ambayo hata mchawi haitaki. Babu zetu waliishi hivyo. Hatujawahi kuona mtu aliyekula akakimbia.

Tulijenga bweni lile kwa ngokela. Tulichoma tofali, tulisomba mawe kutoka mtoni, tulibeba maji ya kuchanganyia udongo. Ottilia aliacha kahawa yake ikaiva ikadondoka chini, yeye yuko kwenye boma. Siku ya lenta tulimpigia Joakim, akaja. Luisa alituma mbasa wawili wakubwa kutoka ziwani, Ottilia akawapika kwa mikono yake, na bwana Joakim aliketi kwenye kiti cha padri akala. Alikula mkia, akala kichwa, akanyonya vidole. Akasema tangu azaliwe hajala samaki kama yule.

Baada ya gari lake kuondoka, mimi nilimuuliza mwenyekiti wetu, Mzee Othmar, "Mzee, mbona hatujamwambia aseme lini bati zitakuja?"

Othmar akacheka. "Mama Kilian, wewe hukuona? Amekula chakula cha ngokela. Utamdai nini tena?"

Sote tukaitikia. Hilo ndilo kosa letu. Tulimpima mtu wa wilayani kwa pishi letu.

Masika ya kwanza ikapita, boma likiwa wazi. Ya pili ikapita, kuta zikaanza kumeguka. Ottilia akawa anaenda kila Jumamosi kuzifunika kwa nyasi na turubai, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Benadetha akafika darasa la saba. Joakim akipigiwa simu anasema, "Bajeti, mzee wangu, bajeti."

Kisha siku moja zikaja pikapu mbili. Mafundi, saruji, bati, rangi. Tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Ottilia alipiga magoti pale pale barabarani. Sikio la kufa halisikii dawa, maana fundi mmoja alituambia wazi kwamba wameambiwa waanze na mbele, sisi tukaelewa kwamba watafuata nyuma. Wakapiga plasta ukuta unaotazama barabara. Wakaupaka rangi. Wakapaua upande wa paa unaotazama barabara. Wakapakia ngazi zao, wakaondoka.

Kesho yake alikuja mgeni mkubwa kutoka mkoani, na msafara. Kulikuwa na tope, tena alikuwa anachelewa kwingine, hivyo alisimama barabarani, akakata utepe uliofungwa kando ya barabara, akapigiwa makofi. Hakuingia. Angeingia wapi? Bwana Joakim alikuwa ameleta kitanda kimoja na godoro jipya lenye nailoni, kikawekwa mlangoni. Akatazama wasichana waliopangwa pale, akamchagua Benadetha kwa sababu sare yake ilikuwa safi. Ottilia ndiye aliyeifua.

"Kaa hapo, mwanangu. Tabasamu. Unaitwa nani? Benadetha? Hiki ndicho kitanda chako, Benadetha."

Mtoto akakaa, akatabasamu, akapigwa picha. Aliligusa lile godoro kwa kiganja, taratibu, nilimwona. Msafara ulipoondoka, vijana wawili walimwambia anyanyuke, wakabeba kitanda, wakakitupa nyuma ya pikapu. Kitanda kilikuwa kinakwenda kijiji kingine, kupigwa picha na mtoto mwingine. Naapa sijawahi kuona uchafu kama ule, na mimi nimefuga nguruwe.

Benadetha alifaulu. Januari, mkuu wa shule, Mwalimu Eunice, alimwambia Ottilia ukweli akiwa hawezi kumtazama. Bweni lina nusu paa, hawezi kulaza mtoto wa mtu pale. Na huko wilayani limeshaandikwa kuwa limekamilika, hivyo fedha nyingine haziwezi kuletwa.

Ottilia alivaa kitenge chake cha kanisani, akashuka Mbinga. Mimi nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi mpaka mchana, ndipo Joakim akatuita ndani. Alisimama kwa heshima, hilo sitamnyima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kwa ajili ya lile bweni. Nyuma halina kitu."

"Bibi, bweni lenu lilishakamilika."

"Baba, mimi natoka pale. Mbuzi wanalala mle."

Akageuza kioo cha kompyuta yake ili tuone, na pale alikuwepo Benadetha, kwenye kitanda, anatabasamu. "Unaona mwenyewe? Kwenye mfumo limekamilika. Mimi siwezi kupingana na mfumo, bibi. Ila nawapongeza sana. Kata yenu ni ya mfano."

Ottilia alimtazama mjukuu wake kwenye kioo. Tulipotoka aliniuliza kama vyumba vya gulioni bado ni vile vile vya milango ya bati. Nilimwambia ndiyo.

Basi Ottilia akahama. Alifunga nyumba aliyojengewa na Hyasinti, akawaacha kuku kwangu, akachukua sufuria, mkeka na rozari, akaenda kupanga geto. Mwanamke wa umri ule, asiye na jino la mbele, anaishi gulioni kwenye chumba cha uani pamoja na Benadetha na wasichana wengine wawili ambao bibi zao hawakuja. Wasichana wanalala kwenye godoro. Ottilia anatandika mkeka mlangoni, analala ameuegemea mlango, ili atakayeufungua amkanyage yeye kwanza. Vijana wa bodaboda wanamwita Komeo. Wanadhani wanamtania.

Mwezi wa tatu, wakati wa kuchimba ngoro, Joakim akarudi. Safari hii ni maabara. Wananchi wapandishe boma mpaka lenta. Na sisi, jamani, tukaenda! Mzee Othmar alipita nyumba kwa nyumba akisema watoto ni wetu, tukisusa tunawasusa wao. Ni kweli, na ndiyo maana wanatuweza. Wanajua hatuwezi kuwasusa watoto.

Tulikuwa tunachimba msingi Ottilia alipotokea kutoka gulioni, jembe begani. Akatupita sote, akaenda moja kwa moja kwa Joakim aliyekaa kivulini, akamwekea jembe mikononi.

"Baba," alisema, na watu wakaacha kazi, "wewe ulikula mbasa wa mwanangu kwenye ngokela yetu. Hujachimba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chimba."

Mtu wa kwetu angezama ardhini. Joakim akacheka. Alicheka kwa furaha kabisa, akasimama, akavua koti, akampa simu dereva wake. Akanyanyua jembe juu, akamkumbatia Ottilia begani, akapigwa picha. Kisha akalishusha mara moja kwenye udongo uliokwisha kuchimbwa, akapigwa nyingine. Jioni picha zilikuwa zimeenea kwenye simu zote: afisa akishirikiana na wananchi.

Akarudi kivulini, akauliza chakula kiko tayari. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi, nikamtazama Othmar.

"Mpakulie," Othmar alisema, macho chini. "Mgeni ni mgeni."

Akapakuliwa. Akala paja la kuku, akala na firigisi. Ottilia alichukua jembe lake, akaufuta mpini kwa pindo la kitenge pale mkono wa Joakim uliposhika, akashuka zake gulioni. Benadetha alikuwa karibu kutoka darasani, hakutaka afike getoni kabla yake.

Shamba la Ottilia lilikuwa limebaki pori. Jumamosi iliyofuata wanawake tulikwenda kulichimba bila kuitwa. Wanaume walitangulia kufyeka, sisi tukafuata na majembe. Hapakuwa na moshi jikoni kwake wala chungu cha pombe, mwenye shamba yuko gulioni analinda mlango. Tulichimba ngokela ya kwanza maishani mwetu ambayo hakuna aliyekula.

Tulipofika ukingoni, upande wa barabara, Devotha aliyekuwa akituongoza akainua mkono, akasema basi. Mistari miwili ya ngoro ikabaki haijachimbwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Bwana Joakim alikula mara mbili.

Maharage ya Ottilia sasa yametoa maua mteremko mzima, isipokuwa pale. Pale magugu yamefika kiunoni, na anayepita barabarani akiuliza mbona wamebakiza, mtoto yeyote wa kwetu atamjibu: hayo ni ya bwana Joakim, anakuja kuchimba.