Tarehe Iliyoachwa Wazi

Saa tatu na nusu asubuhi Bi Rula alikuwa amebakiza zana moja kati ya kumi na nane. Chumba cha pili, nyuma ya kioo, watu wa hospitali walikwisha kuketi, na meneja alikuwa akiwachekea huku akiiba macho kwenye saa ya ukutani. Mfumo wao mpya wa miadi ulipaswa kuwashwa saa nne kamili. Kilichokosekana ni sahihi ya Bi Rula.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya rula ya plastiki anayoiteremsha mstari kwa mstari anaposoma. Zamani alikuwa mpokezi wa zahanati. Miaka tisa alikaa nyuma ya dirisha dogo akiwaambia watu waliotoka mbali kwamba majina yao hayamo kwenye orodha ya siku. Siku hizi hukagua maelezo ya zana za API, zile amri ndogo ambazo programu moja hutumia kuiagiza nyingine kazi. Msomaji wa maelezo hayo si mtu. Ni wakala wa akili bandia, anayepokea ombi la mgonjwa, akachagua zana, akatenda. Ndani ya zana haoni kitu. Anajua kilichoandikwa, basi.

Maelezo ya kila zana hupewa alama, moja hadi tano, kwa jinsi yanavyojitosheleza. Zana yoyote ikipata chini ya tatu, hakuna kuwasha.

Ya mwisho ilikuwa zana ya kufuta miadi. Maelezo yake mstari mmoja: "Hufuta miadi ya mgonjwa." Chini yake: namba ya mgonjwa, lazima, tarehe, si lazima.

Rula ikasimama hapo.

"Mbona umeganda?" aliuliza Kamusi, fundi aliyeziandika zana zote kumi na nane, na ndiye aliyemfundisha Bi Rula kazi. Walimwita hivyo kwa kuwa jibu la kila swali la mfumo lilikuwa kichwani mwake. Mwisho wa mwezi alikuwa anastaafu. "Si uniulize, dada? Nipo hapa hapa."

"Nikikuuliza nimeharibu kipimo, mzee wangu. Sheria yako mwenyewe: mwandishi haruhusiwi kutia neno wakati wa ukaguzi."

"Sikuiweka ije kunikaba koo mimi."

Bi Rula akafungua nakala ya majaribio, ambamo wagonjwa wote ni wa kubuni, akaandika kama ambavyo mtoto wa mgonjwa angeandika: "Mama ameamka na homa, hataweza kuja." Mgonjwa huyo alikuwa na vipindi kumi na viwili vya kusafishwa damu, vitatu kila wiki. Wakala hakusita. Aliweka namba, tarehe akaiacha wazi. Jibu likaja: Imefanikiwa.

Orodha ilikuwa tupu. Vipindi vyote kumi na viwili vimekwenda.

"Aa, hapo tarehe sharti uiweke," Kamusi alisema upesi. "Ukiiacha wazi inafuta zote. Nani humu ndani asiyejua?"

"Wakala hajui. Hajawahi kunywa chai na wewe."

Meneja akachungulia mlangoni. "Jamani, wageni wamemaliza biskuti. Tunasaini au niwaimbie?"

"Dakika tano, bosi."

Mlango ulipofungwa, Kamusi aliinama. "Weka tatu. Kesho asubuhi narekebisha. Usinivue nguo mbele ya wageni, dada yangu."

Bi Rula alimkumbuka mzee mmoja pale dirishani, aliyeishika kadi yake kwa mikono miwili akimwomba aisome tena, labda jina limo. Akaandika mbili.

Kamusi alikaa kitini. Kisha, bila kumtazama, akauliza: "Ile ya kuhamisha miadi ulinipa ngapi?"

"Nne."

"Siku unayohamia ikiwa imejaa, ile ya zamani inakuwa imeshaachiwa. Mgonjwa anabaki hana hii wala ile." Akajifuta uso. "Na hilo sikuliandika."

Nne hiyo Bi Rula aliiweka jana, kwa rula ile ile. Hakuruka mstari, mstari wenyewe haukuwepo, naye hakuutafuta.

Saa nne kasoro dakika mbili meneja akarudi, safari hii bila tabasamu. Mbele yake Bi Rula aliikata ile nne, akaandika moja pembeni, akatia sahihi.

"Hatuwashi," alisema. "Na hizo kumi na sita nilizozipitisha nazirudia."

Meneja alimgeukia Kamusi, akingoja ampinge. Kamusi alikuwa ameshasogeza kiti chake mezani.

"Tuanze na ya kwanza," akamwambia Bi Rula. "Leo natia neno. Kila nisichokiandika nakitaja, wewe andika."