Ndoo ya Maua ya Mayu

Nakumbuka sisi wasichana wa kijiji cha Zagayu, Ijumaa ya kuamkia harusi, tukipita nyumba kwa nyumba na ndoo vichwani kuomba maua ya kupamba kanisa. Hakuna aliyenyima. Hata waliogombana na baba wa bibi harusi kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye pamba walikata japo tawi moja la yale maua ya miiba ya uzioni. Ukinyima, watu watauliza kama hapo kwenu kuna msiba. Tulirudi mikono imechubuka, tunanuka majani, tunacheka ovyo.

Kiongozi wetu alikuwa mama yangu, mayu kama tunavyoita kwa Kisukuma. Mkali huyo! Alitufundisha kufunga mashina kwa gunia bichi yasinyauke, na kutunga pamba kwenye uzi mpaka altare yote ikawa nyeupe. Ukilalamika njaa, anakurushia kipande cha kiazi kikavu: "Tafuna, mkono uendelee." Na kila harusi alirudia, "Ua la kununua linapendeza. Ua la kuomba linabariki."

Mwaka jana nikaozesha binti yangu, kanisa lilelile. Vijana wa siku hizi, eti harusi ina rangi zake! Wakamleta mpambaji kutoka Bariadi na mifuko ya maua ya plastiki, bluu na fedha. Waridi la bluu, jamani, nani kaliona likiota? Nikacheka, nikakubali.

Sikujua kwamba mayu, na mgongo wake ule, alikuwa amepanda maua nyuma ya nyumba tangu mjukuu alipochumbiwa, akiyamwagia maji aliyoogea kiangazi chote. Jumamosi asubuhi akaja na ndoo imejaa. Mpambaji akamwambia, "Bibi, hayo yatatuharibia picha."

Mayu akanitazama mimi. Mimi niliyekulia kwenye ndoo ile! Nikasema, "Mayu, weka kwanza hapo nje."

Akaweka. Misa ilipokwisha tukakuta mbuzi wameyamaliza. Aliokota ndoo yake akaenda nyumbani.

Hakumwagilia tena. Alifariki kabla mvua hazijarudi, na bustani ilikuwa vijiti vitupu. Nikachukua ndoo yake, nikatoka mwenyewe kuomba maua ya jeneza, mtu mzima nalia njiani. Nyumba ya kwanza wameng'oa uzio wakajenga ukuta. Ya pili wakasema, "Pole sana mama, siku hizi hatupandi." Nimlaumu nani? Nikampigia simu mpambaji. Akaleta yaleyale ya bluu.

Enzi zetu maua yalinyauka Jumatatu, na harusi nyingine ikija tunakwenda kuomba upya. Haya ya kaburini hayanyauki, kwa hiyo hakuna anayekwenda kuyabadilisha. Hata mimi, Mungu anisamehe, nimekwenda mara moja tu.