Jiwe la Baba Romana

Agatha wa Nsemulwa ni mama wa kanisa, mzaliwa wa Mpimbwe, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Kwa miaka mingi mdomo huo ulikuwa na kazi moja kubwa, kulikataa jiwe la mumewe.

Leodgar aliliokota mtoni zamani, enzi zake za kuchimba dhahabu. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Alidai kwamba mchana ni la kijani, lakini usiku, mbele ya koroboi, linakuwa jekundu.

"Mama Romana, njoo uone mara moja tu," alimbembeleza.

Agatha aliliona mchana. Usiku hakuthubutu. Jiwe linalogeuka ni uchawi, alisema, na uchawi hautazamwi. Leodgar akalificha kwenye banda la mbuzi.

Baadaye presha ya macho ikamwandama Leodgar, na mwaka jana giza likafunga kabisa. Majirani wakanong'ona kwamba jiwe ndilo lililomla macho. Agatha, Mungu amsamehe, aliamini. Juzi akalitoa bandani, akamwambia mumewe waziwazi: "Nampelekea Kasimu, akalitupe anakojua. Nyumba hii ipate amani."

"Sawa," alisema Leodgar.

Hakubishana hata kidogo, na hilo lilimuuma Agatha njia nzima.

Kasimu ni dalali wa mawe, mwenye kichumba kisicho na dirisha karibu na soko. Alitoa shikamoo, akamkaribisha kiti. Mezani alikuwa amefungua vikaratasi vyake vya kufungia vito, na Agatha akasahau kilichomleta. Kulikuwa na ganeti za zambarau zinazokaribia weusi, yakuti za samawati, za njano na za waridi, zumaridi yenye ukungu ndani yake. Kulikuwa na almasi moja ndogo kama mbegu ya ufuta. Yenyewe haikuwa na rangi yoyote, lakini Kasimu alipoigeuza ilitema rangi zote. Mwili ulimsisimka Agatha. Kumbe udongo huu tunaoulaani kila masika umeficha uzuri wote huu!

Akatoa la kwake, akilishika kwa ncha za vidole. Kasimu akaliweka chini ya balbu ya zamani, ile ya mwanga wa njano.

Likawa jekundu.

Agatha aliruka, akafanya ishara ya msalaba. Kasimu akacheka, akalipeleka mlangoni penye jua, likawa kijani. Akalirudisha kwenye balbu, likaiva tena.

"Hakuna uchawi hapa, mama. Hii ni ganeti ya aina adimu. Mwanga wa jua ni tofauti na wa taa, nayo inaonyesha kwa kadiri ya mwanga inaopewa. Wengine tunazeeka bila kuiona."

Agatha akaomba alipeleke mlangoni mwenyewe. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, machozi yakimlenga. Maajabu haya yalikuwa bandani kwake, na aliyemsihi wayatazame pamoja hawezi tena kuyaona.

Jioni alizima taa ya umeme, akawasha koroboi, akaketi kitandani ubavuni mwa Leodgar.

"Baba Romana, ninalo jiwe lako hapa."

"Hukulitupa?"

"Ni jekundu." Akamshika mkono. "Jekundu kweli kweli. Nisamehe, mume wangu."

Leodgar alimgeukia. Kisha akamsogelea, akauliza kwa shauku ya kijana: "Na pembeni, kile kijani kidogo bado kipo? Hebu niambie. Mimi nimeanza kusahau."

Agatha akalisogeza karibu na mwali, akafuta macho ili aone vizuri, akaanza kumsimulia.