Nasadiki ya Luteni Vranas

Meli ilipoingia bandari ya Ermupoli, Pandelis alikuwa amelala juu ya sanduku la mavazi, uso umegeuka rangi ya zeituni, akiapa kwamba miguu yake ikigusa nchi kavu haitapanda tena chombo cha majini. Alikuwa hajawahi kufika kisiwa kile. Aliinua kichwa akaona mji mweupe uliopanda mlima na, akiwa amesimama kwenye ncha ya meli ili aonekane vizuri kutoka gatini, Aristarhos Vranas akichana masharubu.

"Pande," Vranas akaita bila kugeuka, "wananiangalia?"

"Nani, kaka?"

"Mji."

"Yupo mbwa mmoja."

"Wengine watakuja."

Na walikuja. Kila bandari walikuja.

Uzuri wa Vranas hata adui zake hawakuubishia. Alipokuwa luteni wa wapanda farasi kule Nafplio, alipenda kuongoza gwaride kupitia mbele ya duka la kofia, ajione kwenye kioo cha dirisha. Siku moja alijitazama mno. Farasi akaenda alikotaka, akaingia soko la samaki, na kikosi kizima kikamfuata, maana amri ni amri. Hilo alisamehewa. Halikusamehewa lile la mke wa kanali. Kanali alirudi mapema kutoka kuwinda kware, Vranas akatokea dirishani na shati na kiatu kimoja, akajitosa ndani ya kikapu kikubwa cha mavazi ambacho kundi la maigizo lilikuwa likipakia barabarani. Aliingia kikapuni luteni, akatoka Korintho mwigizaji.

Alikuwa na kasoro moja tu kwa kazi hiyo: maneno hayakumkaa kichwani. Ndipo Pandelis alipopata ajira. Kila onyesho alijikunja kwenye shimo mbele ya jukwaa, akimnong'onezea mstari mmoja mmoja, na Vranas akiupokea kama kinda anavyopokea mdudu. Wanawake walilia kwa maneno yaliyotoka shimoni.

Kila bandari ilikuwa na mwanamke, na kila mwanamke ana kaka zake. Walipombana aoe, Vranas alikuwa na mlango wake wa nyuma, nao ulikuwa mlango wa kanisa: aliomba amsimamie ubatizoni mtoto wa mwanamke huyo. Amsimamiaye mtoto na kumtajia jina ni kumbari, ndugu kamili, na Kanisa halimruhusu kumbari kumwoa mama wa mtoto. Tena nani atampiga kumbari wake? Hivyo Patra, Halkida na Zakintho kulikuwa na watoto wanene walioitwa Aristarhos.

Ermupoli walipanga kwa Maruso, mjane apikaye lukumi, peremende laini za kugaragazwa kwenye sukari. Mumewe, baharia, alizama kabla mtoto wao wa kiume hajazaliwa, na mtoto alikuwa bado hajabatizwa. Jioni ya kwanza Maruso alimwekea Pandelis sahani mbele yake.

"Kula, baba. Umekonda kama mshumaa wa maskini."

Tangu hapo Pandelis hakuwa na usingizi. Lakini mtu aliyeishi kwa kunong'ona maneno ya wengine, ya kwake huyatoa wapi? Alikula lukumi, akanyamaza. Vranas yeye hakunyamaza. Kaka wawili wa Maruso, waunda meli, walimkuta jikoni amepiga magoti, masharubu yamejaa sukari, akimwita dada yao malkia wa Troya.

"Jumapili mnafunga ndoa," akasema Lefteris, yule mkubwa. Alikuwa ameshika nyundo. Hakuwa akitisha, alikuwa ametoka kazini.

"Shemeji zangu," akasema Vranas, "mimi niliwawazia heshima kubwa zaidi. Mtoto huyu bado hajabatizwa."

Kaka wakatazamana, wakalainika. Moyo wa Pandelis ukaruka. Vranas akiwa kumbari, amejifungia nje milele. Na hapo yeye Pandelis angefungua mdomo.

"Utasimama nyuma ya nguzo kama siku zote," Vranas alimwambia. "Ile Nasadiki ni ndefu."

"Nitasimama karibu zaidi," alisema Pandelis.

Jumapili mama wa mtoto alingoja uani, kama desturi. Ndani, Vranas aligeukia magharibi, kama ibada itakavyo, akamtemea Shetani mate kwa madaha hata wanawake wakashusha pumzi. Ikaja Nasadiki, kanuni ya imani ambayo kumbari huisema kwa niaba ya mtoto.

"Nasadiki," Pandelis akanong'ona.

"Nasadiki," akasema Vranas.

"Sikusikii, mwanangu," akasema padri, mzee mwenye masikio yaliyochoka.

Pandelis akaona ubatizo unaharibika na Maruso anamponyoka. Akapaza sauti. Vranas, kwa bahati mbaya, alikuwa amejiona kwenye kioo cha picha ya Mtakatifu Nikola, hata kufuatisha akasahau. Pandelis akaendelea peke yake, kwa sauti iliyokaa shimoni miaka yote ikisubiri zamu, mpaka Amina.

Padri akamgeukia Pandelis.

"Wewe ndiye uliyekiri imani kwa ajili ya mtoto. Njoo umshike."

"Baba, mimi ni mnong'onezaji tu."

"Hukunong'ona. Taja jina."

Pandelis akataja jina la marehemu baba wa mtoto, Yakumis. Hilo hakunong'onezewa na mtu.

Akatoka uani na mtoto mikononi, anateleza kwa mafuta ya ubatizo kama samaki. Maruso akamtazama yeye, akamtazama Vranas, akaelewa. Akainama, akambusu mkono kumbari wake kama ilivyo desturi.

"Nilikuwa nasubiri uniambie neno moja," akasema taratibu. "Leo umeyasema yote, na umemwambia padri."

Pandelis, kumbari asiyeweza tena kumwoa, akampa mtoto. Nyuma yake Lefteris alimgusa Vranas bega.

"Basi wewe si kumbari. Ndoa iko palepale."

"Simtaki," akasema Maruso. "Asiyekumbuka Nasadiki atakumbuka kuja kula?"

Kaka zake hawakumsikiliza. Walikwenda kutafuta maua ya harusi. Hapo ndipo Vranas alipokumbuka kile kikapu cha mavazi.

Gatini, Pandelis mwenyewe alikifunga kikapu kamba. Kundi lilikuwa likienda Smirna. Yeye alibaki: alikuwa na kiapo chake cha baharini, na mtoto wa kulea kwa sala.

"Pande," kikapu kikasema, "huko nani atanipa maneno?"

"Nyamaza tu, kaka. Unapendeza zaidi."

Kikapu kikatafakari. Wapagazi wakakiinua.

"Wananiangalia?"

Gati lilikuwa tupu, ila yule mbwa.

"Wote," akasema Pandelis.