Mikono ya Duncan Chini ya Mlingoti

Katika miaka yote aliyokaa Dubai, Duncan Wekesa hakuwahi kuzoea kuogopa. Alikuwa mlinzi wa mapokezi kwenye mnara mmoja wa Jumeirah Lake Towers, kazi nzuri, ya ndani, yenye kiyoyozi. Lakini visa yake iliisha kila baada ya miaka miwili, na mtu wa kuamua kama itaongezwa alikuwa mmoja tu: Mohannad, meneja wa kampuni yao ya ulinzi.

Mohannad alisoma Marekani, akarudi na mapenzi ya futiboli ya huko, ile ya helmeti na mpira wenye ncha mbili. Katika timu yake ya ridhaa yeye ndiye aliyepiga mateke ya kupitisha mpira kati ya milingoti. Ligi yao ilipokosa waamuzi, alimteua Duncan kwa kuwa alicheza raga shuleni huko Bungoma. Meneja kumteua mfanyakazi wake awe mwamuzi wa mechi anayocheza mwenyewe ni jambo lisilofaa. Kila mtu pale alilijua, na kila mtu alinyamaza.

Wiki ya fainali, Mohannad alikuwa akisimama mapokezi na simu mkononi, akimwonyesha Duncan video za timu kubwa za Marekani zilizokabwa koo na hofu.

"Hawa ni Atlanta. Waliongoza ishirini na nane kwa tatu kwenye fainali kuu, wakafungwa! Na hawa Houston, pointi thelathini na mbili mbele, wakashindwa. Lakini mtazame huyu wa Buffalo. Teke la mwisho la fainali. Kulia! Nje! Mimi sitakuwa huyu. Umenisikia, Duncan?"

"Ndiyo, sir."

Duncan alijiuliza kwa nini anaambiwa yeye. Kusema kweli alijua, ila hakutaka kujua. Alipofika kitandani aliitafuta habari ya yule mpigaji wa Buffalo, akasoma kwamba baada ya mechi hakukimbia. Alisimama mbele ya waandishi akajibu maswali yao mpaka wakatosheka. Duncan akaizima simu. Habari ile haikumtuliza hata kidogo.

Fainali ilichezwa Jumamosi alasiri, kwenye uwanja ulio jirani na Jumeirah Village Circle. Dakika za mwisho timu ya Mohannad ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, na teke la mwisho likiingia ni pointi tatu. Duncan akaenda kusimama chini ya mlingoti wa kulia. Chini ya ule wa kushoto alisimama mwamuzi mwenzake, Mzee Khelef, Mzanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake.

"Mbona watetemeka kama umemeza barafu?" Mzee Khelef akamwuliza.

"Ni AC ya basi, mzee."

"AC gani? Tupo juani, bwana!"

Kazi yao ina desturi yake. Mpira ukipita juu kuliko ncha ya mlingoti, anayeweza kuuona sawasawa ni yule aliye chini ya mlingoti huo. Yeye huamua, mwenzake humfuata bila kuuliza. Mikono juu, umeingia. Mikono ikipungwa chini huku na huku, umekosa.

Mohannad akapiga. Mpira ukapaa, ukaja upande wa Duncan, juu ya ncha kabisa. Duncan aliinua uso akaona anga kati ya mpira na mlingoti. Ulikuwa nje. Aliuona vizuri, bila shaka yoyote.

Hakuona tena mpira. Aliona muhuri wa kufuta visa, begi lake, uwanja wa ndege. Mikono yake ikapanda juu.

Mzee Khelef akamtazama mara moja, naye akainua yake. Filimbi ikalia. Mohannad akaja mbio, akamkumbatia Duncan hadi miguu yake ikaacha nyasi, kisha akarudi kwa wenzake akipiga kelele.

"Mpira ule ulipita karibu mno na mlingoti," Mzee Khelef akasema polepole. "Ulipita ndani?"

Duncan akainama kufunga kamba za kiatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Mimi nimeinua kwa kuwa umeinua wewe, mwanangu. Mlingoti huu ni wako. Kama ni uongo, basi nami nimesema uongo, na sikujua."

Hilo ndilo lililomwumiza. Kujidanganya mwenyewe alikuwa ameshaanza kuzoea. Lakini alikuwa ameikamata mikono ya mzee mwaminifu akaitumia kama yake. Alivuka uwanja mpaka kwa Apollo, Mganda aliyekuwa mwamuzi mkuu, ambaye alikuwa bado hajaifunga mechi.

"Apollo, ulikuwa nje. Niliuona. Nilisema uongo."

"Unajua aliyepiga ni nani?"

"Najua."

"Haya. Simama hapa hapa, usiende popote." Apollo akapuliza filimbi, akapunga mikono chini, huku na huku. Timu ya Mohannad ikawa imepoteza fainali.

Mohannad hakufoka. Alivua helmeti, akaja mpaka aliposimama Duncan.

"Khalas, basi," akasema. "Kesho asubuhi, ofisini kwangu."

Asubuhi hiyo hakutaja mpira. Alisema ni mabadiliko ya kawaida ya lindo: kuanzia leo, geti la ghala moja huko Al Hamriya, nje, juani.

"Na visa yangu, sir?"

"Itaangaliwa."

Mpaka sasa bado haijaangaliwa. Duncan hula kidogo, hulala vibaya, na gari la kampuni likikaribia geti hutazama kwanza ni nani aliye ndani. Mzee Khelef alimfuata huko siku moja, jasho likimtiririka.

"Apollo auliza, msimu ujao utasimama tena mlingotini?"

"Nitaogopa tena, mzee."

"Nani kakwambia usiogope? Njoo tu."

Duncan akasema atakuja. Kisha lori likapiga honi, akaenda kufungua geti.