Pilipili ya Hasira

Mama Viviane wa Kabondo alishika neno moja la marehemu mama yake: pilipili ikipandwa na mtu mwenye moyo mweupe, hutoka laini kama nyanya. Anayetaka iwake, aipande akiwa na hasira.

Na hasira alikuwa nayo tele. Mama yao alipofariki, mdogo wake Déborah aliuza kinu cha marehemu bila hata kumuuliza, akarudi zake kijijini Yanonge, chini mtoni. Viviane akaapa hatamtia machoni tena. Kila msimu, akifukia miche nyuma ya nyumba, alikitaja kile kinu huku amekaza meno. Alizianika pilipili zake juu ya turubai, akazitwanga uso umefungwa kitambaa, akazitia mafuta na kuzijaza chupani. Mama Emérence, mwenye duka sokoni, alisema hajaona nyingine inayotoa watu makamasi namna ile. Basi hasira ikawa mbolea, na nani hutupa mbolea yake?

Msimu uliopita, miche ikiwa tayari, Papa Jephté, mwenye mtumbwi, aliingia uani nguo zimelowa.

“Mama Viviane, leki yako Déborah iko mugonjwa sana. Anasema yaya yake, dada mukubwa, akuye tu.”

Viviane hakuinuka. “Bon, umuambie nitakuya. Nimalize kwanza kupanda. Nikimuona leo, kasirani yangu yote itaisha, na hii pilipili itaharibika. Ndiyo inalisha watoto yangu, Papa.”

Semeni mtakavyo, alijua kabisa kwamba akimwona atamsamehe, na hilo ndilo aliloliogopa. Akapanda nusu ya bustani, upande wa jikoni. Kesho yake Papa Jephté alirudi, akavua kofia.

Kwenye matanga, Yanonge, walimwambia Viviane kwamba Déborah alikata roho akiuliza kama mtumbwi umefika.

Aliporudi, miche iliyobaki ilikuwa imelala ndani ya beseni. Akaipanda upande wa pili, mikono imelegea. Alikitafuta kile kinu moyoni, hasira haikuja. Alichokiona ni Déborah akiwa mtoto, amelala mgongoni mwake. Akajua upande ule umeharibika, wala hakujali.

Pilipili zikaiva pande zote. Viviane akazianika mbalimbali, akazitwanga mbalimbali, akampelekea Mama Emérence chupa mbili bila kumweleza lolote. Mama Emérence akalamba ya kwanza, akapangusa macho. Akalamba ya pili, akakohoa mpaka akashika meza.

“Zote ni moja tu, Mama. Moto ni ileile.”

“Onja tena, tafadhali.”

“Ni moja, nakuambia! Uko na shida gani?”

Viviane alikaa chini palepale, katikati ya soko, akalia kwa sauti mpaka wauza samaki wakageuka. Angeenda Yanonge siku ileile alipoitwa, angemshika mdogo wake mkono, na pilipili ingewaka vilevile.